Babu Alipomwagilia Matofali ya Kwenye Gemu

Kwa Mzee Tofali,
Mtoni Kijichi, Temeke,
Dar es Salaam.

17 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Kondo,

Asalaam alaikum. Shikamoo yako uliyompa Nusaiba aniletee nimeipokea, marahaba, Mungu akuweke. Kabla ya yote nataka kujua habari za kifua. Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unakohoa kama bajaji inayogoma kuwaka, nikajua tu ni lile ghala lenu la vyakula vya baridi. Mtu anashinda kwenye barafu, akitoka nje anapokelewa na jua la Omani, kifua kitaacha kulia? Chemsha tangawizi, kamulia limau, unywe kabla hujaingia kazini. Na usiniambie muda hakuna, maana wa gemu unaupata.

Sie huku hatujambo, Alhamdulillahi. Vuli imeanza, njia ya kwetu imekuwa tope tupu. Bodaboda wanakushusha pale kwa muuza mkaa, kipande kilichobaki unamalizia mwenyewe na viatu mkononi. Cherehani yangu inanipa riziki. Mdogo wako Nusaiba kamaliza mtihani wa darasa la saba na kafaulu, sasa kazi yake ni kulala na ile tableti uliyomletea. Mama yako, dada yangu Naima, yuko Tegeta, alikuja juzi, kanenepa kidogo ingawa hataki kuambiwa.

Bibi yako hajambo. Anakula, anaongea, jana kagombana na muuza samaki aliyepita mlangoni mpaka samaki wakashuka bei. Hilo neno la hajambo nimeliandika kwa raha, Kondo, kwa sababu kuna siku mwezi wa tisa sikutegemea kuliandika.

Utajiuliza karatasi ya nini wakati simu tunazo. Bibi yako ndiye kaamua. Kasema shukrani ya simu inaisha na salio, yeye anataka ya kushikika. Kwa hiyo nimekaa hapa barazani naandika, na Talha wa jirani anarudi Muskati wiki hii, atakuletea hii barua pamoja na kifurushi. Kifurushi usikifungue kwanza. Maliza kusoma.

Nataka kukushukuru kwa kile ulichokifanya Jumapili ile ya matanga ya babu yako. Najua utasema uliona mwenyewe, ulikuwepo. Hukuona. Wewe ulikuwa ndani ya gemu, ukawaona kuku wako wa maboksi na maji yako. Huku chumbani ulisikia sauti tu, tena za kukatikakatika. Ngoja nikueleze upande wetu, na mwisho kuna jambo ambalo wewe hulijui kabisa. Tulilificha makusudi.

Mie hilo gemu mpaka leo silielewi. Najua ni dunia ya maboksi: ardhi maboksi, miti maboksi, ng'ombe boksi, na mtu mwenyewe kichwa boksi. Mnachimba, mnapanga, mnajenga, wewe ukiwa huko Omani, Sohar, na Nusaiba akiwa hapa Kijichi, mnakutana humo kama majirani wa ukuta mmoja. Mwanzoni nilikununia. Nilikuwa naona umemharibia mtoto wangu masomo kwa mkono wa zawadi.

Lakini marehemu baba, huyo babu yako Mzee Tofali, siku ya kwanza tu alivuta kiti. Mtu kafyatua matofali ya saruji tangu mie sijazaliwa, nusu ya nyumba za mtaa huu zimetoka kwenye kalibu yake ya kufyatulia, halafu umwoneshe mchezo wa matofali, atakaa mbali? Akawa anaangalia kimya. Siku Nusaiba alipovunja tofali la chini na la juu likabaki linaelea, ndipo alipofungua mdomo. Akauliza hilo la juu limeshikwa na nani. Nusaiba akamjibu halijashikwa na mtu, babu, ndivyo lilivyo. Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tofali bado linaelea. Na kwa vile wewe ndiye uliyeuleta mchezo, tangu siku hiyo kitu chochote kisicho na kichwa wala miguu humu ndani kikaitwa tofali la Kondo.

Si unajua alivyomsumbua mtoto? Alimkataza kuinua ukuta kabla hajachimba msingi. Nusaiba anamwambia babu, kwenye gemu nyumba haianguki hata bila msingi, na tena ukishafukia hauonekani. Baba anasema msingi haujengwi uonekane. Basi mtoto akawa anachimba, anapanga, anafukia, ndipo aanze ukuta. Akamwekesha na lenta, ule mkanda wa zege, juu ya kila dirisha. Nakuambia, hakuna nyumba za gemu duniani zenye msingi na lenta isipokuwa za mwanangu.

Na wewe hakukuacha. Kila ulipomaliza ghorofa lako la vioo humo ndani, yeye aliinama karibu na tableti usikie vizuri, akauliza, na kile kiwanja chako cha Kibamba kinaendeleaje, au bado kinaota upupu? Wewe ukicheka. Sie sote tukicheka.

Mwisho Nusaiba akajenga hapa kwetu. Uliuona ule uwanja: uzio wa mabati, baraza, banda la kuku, safu za matofali uani, na pale ukutani kwa jiko lundo jeusi la mkaa wa bibi. Lundo hilo baba mwenyewe ndiye aliyesema liwekwe. Unajua kwa nini. Ugomvi wao wa miaka yote, wa asubuhi na jioni, ulikuwa maji. Yeye akichukua mpira kumwagilia matofali yake, uani kunakuwa bwawa, na gunia la mkaa la mama linalowa. Mama anatoka jikoni na mwiko: Baba Naima, mkaa wangu huo! Na yeye hajibu kingine ila kile kile: mkaa utakauka, tofali halingoji. Nimekua na maneno hayo. Nilikuwaga nikiyasikia najua kumekucha.

Sasa nije kwenye msiba. Alhamisi baba na fundi wake Gaudens walifyatua matofali uani mpaka jioni, wakayafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, kama kawaida. Ijumaa alfajiri baba akaenda kutawadha, na pale pale kwenye ndoo ya udhu akakaa chini, ikawa basi. Tukamzika baada ya alasiri. Wewe tajiri wako akakunyima ruhusa. Najua ulilia, mama yako aliniambia. Hakuna mtu hapa aliyekulaumu hata kwa moyo.

Bibi yako hakulia. Watu wote walilia, hata muuza mkaa alilia, yeye kimya. Aliingia chumbani kukaa eda, akakaa kwenye godoro akitazama dirisha la uani. Uji ukiletwa unapoa. Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Jumamosi asubuhi Gaudens akaja na mpira wa maji. Hakuna aliyemwita, kaja mwenyewe kwa sababu anajua tofali bichi lisiponyweshwa siku za mwanzo linapasuka, linakuwa la kusagika kwa kidole. Kabla hajafungua bomba, mama akasema kutoka dirishani kwamba yasiguswe. Hayo tu. Gaudens akakunja mpira, akaenda kusimama nje ya geti, na mwanaume mzima yule wa Masasi akalia kama mtoto.

Tuliogopa, Kondo. Unaijua presha yake. Mama yako akakaa na mie jikoni tukaambiana ukweli, kwamba mtu akifiwa na mume wa maisha yake yote halafu asilie, asile, asiseme, huyo anajiandaa kumfuata. Jua la mchana lilikuwa linayakausha yale magunia, na yeye anayatazama yanavyokauka. Nilikuwa nikipita pale mlangoni nauma kanga nisipige kelele.

Tena matanga yenyewe yalikuwa hayana chumvi. Wazee walisema wazi. Mjukuu ni mtani wa babu yake, na kazi yake msibani haifanywi na mwingine: avae nguo za marehemu, atembee kama yeye, agombe kama yeye, mpaka wafiwa wacheke na kilio kilichokwama kitoke. Mjukuu wa kazi hiyo ni wewe, na wewe uko Sohar. Jumamosi jioni tukamvisha Nusaiba singlendi ya babu yake. Akatoka mlangoni hatua mbili, akainusa, akakaa chini na kulia. Akarudi kwangu singlendi imemfika magotini.

Kumbe usiku ule mkawasiliana nyie wawili. Mie sikujua. Nusaiba kaniambia baadaye kwamba ulimwomba picha za babu, ukamwuliza singlendi yake ilikuwa ya rangi gani, kofia ina maua ya namna gani, ukakaa unamtengeneza mtu wa kwenye gemu kiboksi kwa kiboksi, na asubuhi ukaenda kazini hivyo hivyo bila kulala. Yeye anaita skini, yaani sura na nguo anazovaa mtu wa gemu. Mie naita kushona. Mtu anayekesha akimtengenezea marehemu nguo, huyo anashona.

Jumapili baada ya hitima, wanawake wamejaa chumbani kwa mama, Nusaiba akaingia na tableti, akaisimamisha kwenye chupa ya chai mbele ya bibi yake. Kuna bi mkubwa mmoja, simtaji, unamjua kwa ushungi wake wa kijani, akaguna kwamba siku hizi watu wanacheza gemu msibani. Mama yako akamgeukia taratibu. Akamwambia huyo ni mjukuu kavaa nguo za babu yake, na kama nguo zimepita kwenye mtandao, basi zimepita. Na bi mkubwa huyo, nadhani ndiye aliyesogea karibu kuliko wote.

Nikakuona unatoka kwenye kile kinyumba cha Nusaiba. Kondo, sikuwa nimejiandaa. Singlendi ya bluu iliyopauka mabegani. Kofia. Na miguu, ewe mtoto, miguu uliipaka rangi ya saruji mpaka magotini. Nani alikuambia? Hakuna picha inayoonesha hivyo. Ni kwamba ulimtazama mtu huyo ukiwa mdogo, ukiwa urefu wa magoti yake. Naona bibi yako naye alianzia kwenye miguu, kwa sababu macho yake yalitoka dirishani, yakashuka kwenye kioo, yakabaki pale.

Halafu akasema neno lake la kwanza tangu yale ya matofali. Akasema kofia hiyo hakushona yeye, maua yake yamekwenda upande. Tukatazamana. Mama yako akanifinya paja mpaka leo naona pana alama.

Wewe hukusikia, ukaendelea. Ukapita kwenye safu za matofali, ukawa unasimama kwa kila moja unaligonga na mkono, kama alivyokuwa akiligonga kwa kifundo cha kidole asikie limeiva. Unainama, unainuka, unaligonga la pili. Wanawake wakaanza kucheka chini chini. Halafu ukaleta sauti. Kondo, ile sauti uliipataje? Ile ya puani, ya asubuhi, kabla hajanywa chai. Ukaita Gaudens, matofali yangu mbona hayajanywa? Nani kayanyima maji?

Wanawake wakageuka kutazama dirisha la uani. Hukujua kilichokuwa uani. Au ulijua? Nusaiba anaapa hakukuambia habari ya magunia. Mie niliangalia chini, nikasema leo tumeharibu.

Ukachukua ndoo, ukamwaga maji juu ya tofali la kwanza. Sasa maji ya kwenye gemu si kama ya kwetu, ukimwaga hayaishi. Yakatiririka. Ukamwaga la pili, la tatu, unazunguka na miguu yako ya saruji, na maji yanafuata nyuma yako. Kuku wakaanza kuelea, banda lao na wao. Taa za Nusaiba zikang'oka. Yeye akapiga kelele Kondo acha, utaharibu, na wewe bado uko na sauti ya babu unasema tofali hunywa kama mtoto. Maji yakazunguka baraza, yakashika njia ya jikoni, yakaelekea kwenye lile lundo jeusi ukutani.

Bibi yako akaruka. Hakuinuka, aliruka, akaishika ile tableti kwa mikono miwili kama anataka kunyanyua gunia. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza mkaa, Baba Naima, mkaa wangu huo!

Na wewe, bila kukawia, kwa pua ile ile: mkaa utakauka, tofali halingoji.

Akacheka. Lile cheko lake la kukohoa, la kujipiga paja. Akacheka mpaka kichwa kikalala kwenye mapaja ya mama yako, na humo humo kwenye kicheko kilio kikashika. Alilia, Kondo. Alilia kwa jina lake, si Baba Naima, alilia Khalfani. Mie sijawahi kumsikia mama akimwita baba kwa jina. Chumba kizima kilikuwa kinacheka na kulia, na bi mkubwa wa ushungi wa kijani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba leso.

Wewe ulidhani mtandao umekatika. Ulikuwa unaita halo, halo, mnanisikia? Tulikuwa tunakusikia, mwanangu.

Nusaiba anashikilia kwamba ulikosea, kwamba ulitaka kumwaga ndoo moja tu ukasahau maji ya gemu hayakauki. Anasema mtu anayejua gemu hawezi kumwagilia tofali, halina haja. Inawezekana. Mie nina mawazo yangu, na wala usinijibu, niachie.

Sasa hili ndilo usilolijua. Alipomaliza kulia alinawa uso, akaomba uji. Akaunywa wote. Halafu akasimama, akatoka uani na nguo zake nyeupe za eda, akasema Gaudens aitwe na mpira. Alimwagilia yeye mwenyewe. Alishika ule mpira vibaya, maji yanamrudia kifuani, anamgombeza Gaudens kana kwamba ndiye aliyeyanyima. Walipofunua magunia, matofali matatu yalikuwa yameshapasuka, mengine yalikuwa yanaokoleka.

Unajua desturi ya babu yako. Tofali la kwanza la kila safu, likiwa bado bichi, aliandika kwa msumari jina la mteja ili oda zisichanganyike. Mama yako akainama kusoma, tujue tunadaiwa na nani matofali ya mwisho ya baba. Akainuka, akanipisha. Nikaenda mie. Safu ya kwanza, Kondo. Safu ya pili, Kondo. Mpaka ya mwisho ukutani, Kondo.

Gaudens ndipo akasema, akiangalia miguu yake. Kumbe muda wote uliokuwa unachekwa kwa ajili ya kiwanja chako cha upupu, babu yako alikuwa akimaliza oda za watu, saruji inayobaki anakufyatulia wewe. Yale matofali nyuma ya banda la kuku tuliyodhani ni mabovu yaliyokataliwa, yote yalikuwa ya kwako. Alimkataza Gaudens kusema mpaka yatoshe kuinua msingi. Gaudens anasema alimwuliza siku moja kwa nini asimwambie kijana afurahi. Babu yako akajibu, huyu kazoea matofali yanayokaa hewani, nataka aone yanayoshikwa.



Tulitaka kukupigia siku ile ile. Bibi yako akakataa. Akasema mumewe alikuwa hasemi habari za tofali bichi, sie nani tuseme? Yaive kwanza. Basi kila asubuhi na jioni yeye ndiye aliyeyanywesha, na kwa kuwa ni uani kwake, hata wanaojua mambo ya eda hawakupata cha kusema. Gaudens kayamalizia yaliyopungua kwa mkono wake na hakutaka ahsante. Wiki iliyopita yamepakiwa kwenye gari, yakapelekwa Kibamba. Mama yako aliyasindikiza, kakwama foleni nusu ya siku, anakuambia utamlipa kwa mjukuu. Upupu umefyekwa. Matofali yamepangwa pembeni ya kiwanja, yamefunikwa, na jirani wa hapo anayaangalia.

Yale matatu yaliyopasuka yamebaki hapa. Bibi yako kayaweka chini ya gunia la mkaa. Sasa mkaa wake uko juu, maji hayaufiki, na mara nyingine namkuta kalitazama lile gunia anatikisa kichwa.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili nimetumwa. Nusaiba anasema mpaka leo ukiingia kwenye gemu unaingia na sura ya babu. Singlendi ile ile, miguu ile ile. Anasema husemi sana, unatembea tu kwenye ule uwanja wa kwetu unagonga matofali. Bibi yako alisikia hilo. Kisha akasema niandike hivi: mwambie mume wangu mdogo, matanga yameisha, na nguo za marehemu hurudishwa. Sie alitutoa tulipokwama, naye asikwame humo. Avue, avae sura yake.

Na kwa kuwa mtani haondoki mikono mitupu, haki yako ndiyo hiyo kwenye kifurushi. Fungua sasa. Ni kofia yake ya Ijumaa, aliyoshona bibi yako kwa mkono wake. Angalia maua yanavyokaa, uache kumwaibisha mbele za watu. Kasema uivae kichwani kwako, kichwa cha nyama, siku utakayokuja Kibamba kuchimba msingi. Uchimbe kweli, Kondo, hata kama ukishafukia hakuna atakayeuona.

Nisalimie wenzako mnaokaa nao, na yule Mpemba anayekupikia wali siku za mapumziko, mwambie Mungu amlipe. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unaswali. Nusaiba anakusalimu, ameshajenga upya banda la kuku ila maji hakuyatoa, bibi kamkataza. Gaudens anakusalimu sana, anakusubiri na kalibu. Mama Yustina wa jirani, aliyepika siku zote za msiba bila kuitwa, naye anakusalimu.

Mwenyezi Mungu akupe afya ya kifua na moyo, akufungulie njia ya kurudi, na amlaze babu yako mahali pema. Ulichotufanyia siku ile hakina malipo huku duniani, tumemwachia Yeye akulipe.

Wako akupendaye sana,
Mama yako mdogo,
Mwamvita